Beseni la Kahambu

Kazi ya kwanza niliyopewa kwenye lile lango la Mengo ilikuwa kumfukuza Kahambu, na mpaka leo sijaimaliza.

Nilikuwa nimetoka polisi na cheo cha sajenti na goti bovu, kliniki moja ya utafiti ikanichukua kuwa askari wa langoni. Bosi wa utawala akanionyesha mama wa Kikongo aliyepanga chupa zake ukutani, karibu kabisa na kibao chetu, akasema, "Ochan, hatuwezi kuwa na duka la miti shamba mlangoni. Mwondoe." Nikavaa kofia vizuri, nikamwendea.

"Mama, ondoka hapa."

"Sawa, Papa. Acha nimalize kumimina."

Nikasimama kungoja amalize. Akamimina, akafuta chupa, akafunga vizibo kimoja kimoja, kisha akaniuliza goti limeanza kuuma lini. Nikamwambia goti langu halimhusu. Akasema ninavyosimama vile, nitaharibu na nyonga. Jioni nikamwambia bosi kwamba mama ataondoka kesho. Nikaendelea kumwambia hivyo hadi bosi mwenyewe akahamishwa, na yule aliyekuja baada yake alikuwa mteja wa Kahambu.

Mimi ni Mwacholi, mtu wa Gulu kule kaskazini, na hasira zangu ziko karibu, sifichi. Kiswahili nilikipata kambi ya polisi, na kambini hatukufundishwa maneno ya kubembeleza. Cha Kahambu kilitoka Butembo, Kongo ya mashariki, kirefu, kinawasalimia kwanza ndugu zako wote ndipo kifike kwenye jambo. Kutwa tulikuwa tunabishana, mimi ndani ya kibanda changu, yeye nje kwenye kigoda. Siku asipokuja, lango lilinichosha.

Aliishi Kisenyi, kule bondeni, chumba kimoja na binti yake Estelle. Alichemsha majani alfajiri, na saa ya ofisi kufunguliwa alikuwa amekwisha panga chupa, na pembeni beseni kubwa la plastiki, la bluu, la kusuuzia. Alikuwa na mafuta ya kuchua viungo, alikuwa na dawa ya tumbo, lakini sifa yake ilitokana na dawa ya mkanda wa jeshi. Asiyeujua ugonjwa huo ashukuru. Malengelenge yanajipanga upande mmoja wa mbavu, na yanaunguza mpaka mtu hawezi kuvaa shati. Daktari wetu aliniambia ni kirusi kile kile cha tetekuwanga, kwamba kinajificha kwenye mishipa ya fahamu miaka na miaka, na kinga ya mwili ikishuka kinaamka. Nasema habari za mwishoni mwa miaka ya tisini. Mtu akipata mkanda wakati ule, majirani walikuwa wanaanza kunong'ona, kwa sababu walijua ukimwi mara nyingi hupiga hodi kwa njia hiyo.

Kahambu alikuwa na desturi moja. Kabla hajampa mtu chupa, alimimina kidogo kwenye kizibo, akanywa yeye mbele ya macho yake. Kwao ndivyo wanavyofanya na pombe, na kwetu Gulu pia: anayekupa kinywaji huonja kwanza, ujue hana nia mbaya. Lakini kwetu mtu huonja kwa haraka, akicheka. Yeye alionja taratibu, anasubiri kidogo, ndipo anakukabidhi. Nilikuwa namtania kwamba siku moja atamaliza bidhaa kabla ya wateja.

Na msidhani alikuwa mtu wa kupinga hospitali. Mtoto akiletwa na homa na vipele vya surua, hakugusa chupa hata moja. Alimshika mama yake mkono na kumvusha barabara hadi kwa daktari. Siku za chanjo alifunga biashara, akapita Kisenyi mlango kwa mlango kuamsha wanawake wenye watoto wachanga, na wale waliojifanya wamelala aliwagongea mpaka wakafungua. Mteja mmoja akamwuliza mbona muuza majani ndiye anayepeleka watoto kwenye sindano. Akajibu, "Majani yangu hayawezi surua. Ningependa yaweze, lakini hayawezi." Walikuja pia watu wa kunong'ona, wakiuliza kama ana dawa ya ukimwi wenyewe. Mtaani kulikuwa na waliouza dawa hiyo waziwazi, na walijenga nyumba. Kahambu alisema hana. Kwa hilo nilimheshimu, ingawa sikumwambia.

Habari ya Kakule niliisikia siku ya mvua. Mvua ilipiga sana mchana ule hata nikamwambia aingize chupa zake kibandani, na yeye mwenyewe akae. Nikamwuliza, kwa kupitisha muda tu, kwa nini aliacha kwao. Nilidhani atasema vita. Watu wengi wa kule walikuwa wanasema vita, na ilikuwa kweli.

Akasema, "Mimi nilitoka kabla ya vita kufika kwetu. Nilitoka kwa sababu ya mama mkwe."

Mume wake, Kakule, alikuwa mfanyabiashara wa mbao. Alianza kukonda, kisha akapata mkanda, kuanzia mgongoni mpaka chini ya titi. Alilia kama mtoto, mtu mzima wa kubeba magogo. Hakulala. Kahambu akakumbuka majani ya bibi yake, akaenda kuyachuma, akachemsha. Akaonja mbele ya wote, akamnywesha. Baada ya siku chache Kakule akaacha kulia, akalala. Akawa anaamka, anakula kidogo, analala tena. Alilala siku nyingi hivyo, na siku moja hakuamka. Makaburini mama mkwe akasimama mbele ya ukoo wote akasema, "Huyu mwanamke amemlaza mtoto wangu."

Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemfukuza. Ila tangu siku ile wanawake waliacha kula kutoka mkononi mwake. Alipeleka chakula msibani, kikarudi kilivyo. Akamchukua Estelle, wakavuka mpaka wa nchi pale Kasindi, wakaja huku.

Nikakasirika papo hapo. Nikamwambia mama mkwe wake ni mwongo, angekuwa mikononi mwangu ningemweka ndani.

"Papa Ochan, angekuwa mwongo, mimi ningekuwa na amani," akasema. "Shida ni kwamba sijui. Labda kweli nilimlaza. Sijui."

"Na bado unaiuza?"

"Watu wanakuja na maumivu, na wakinywa maumivu yanapungua, ninaona. Kwa hiyo ninauza. Lakini ninaonja kila chupa. Kama inaua, ianze na mimi."

Tulikaa tukitazama mvua mpaka ikaisha, akatoa chupa zake nje akazipanga upya.

Baadaye akaja Daktari Acayo. Ni mwanamke wa Lira, mfupi, anatembea kwa kasi kama aliyeacha sufuria motoni. Alikuja kutafiti magonjwa ya virusi kwa watu wenye kinga dhaifu. Aliona wagonjwa wake wa mkanda wakitoka kwake na dawa za maumivu, kisha wanasimama ukutani kununua chupa. Nikajua leo Kahambu anafukuzwa kweli, nikajiandaa kugombana. Kumbe daktari akavuta kigoda akaketi.

"Mama, wagonjwa wangu wanakusifu," akamwambia. "Mimi siamini sifa. Ningependa kuipima dawa yako, kama utakubali."

Hayakuwa mambo ya haraka. Kwanza kamati ya wakubwa ilikaa na kukaa. Kisha panya wakapewa dawa, nao walihudumiwa vizuri kuliko askari wa lango. Kahambu akamwonyesha daktari jani lenyewe na namna ya kulipika. Mimi sijaonyeshwa mpaka leo, na nikiuliza naambiwa nichunge lango. Panya walipokaa salama, ikafika zamu ya watu.

Daktari akaja ukutani kumweleza. "Nusu ya wagonjwa watapewa dawa yako. Nusu watapewa maji machungu ya rangi ile ile. Wote watapata vidonge vya kawaida vya maumivu. Hata mimi sitajua nani ana chupa gani mpaka mwisho."

"Kwa nini uwadanganye watu wagonjwa?"

"Siwadanganyi. Kila mmoja ataambiwa mapema kwamba ziko chupa za maji, na asiyetaka aende zake. Wasichojua ni chupa ipi tu. Mtu akijua anakunywa dawa, anajisikia nafuu kwa kujua. Nataka kuona jani linafanya nini lenyewe."

Kahambu akafikiri, akakubali, ila akaweka sharti. "Jibu uniambie wewe, kwa mdomo wako, hata likiwa baya. Na uangalie kama inalaza."

"Kulaza vipi?"

"Kulaza mtu. Uangalie tu."

Daktari akamtazama, akaona hataongeza neno, akasema sawa, kila mgonjwa ataulizwa analala namna gani, na damu itapimwa. Mimi nilijua kwa nini ameomba hivyo, nikanyamaza, kwa sababu siri haikuwa yangu.

Basi wagonjwa wakaanza kuja kila Jumanne kuchukua chupa. Wengi walikuwa wanawake. Kiongozi wao, bila kuchaguliwa na mtu, alikuwa Mama Okwir, mjane wa mwanajeshi, mwenye sauti ya kuamuru gwaride. Pembeni yake hakukosa Benedicte, Mkongo kijana aliyesuka nywele Kisenyi, mwembamba, aliyeteswa na mkanda kuliko wote. Wakishapewa chupa zao walikuwa hawaendi nyumbani. Waliazima beseni la bluu la Kahambu, wakazunguka nyuma ya ukuta kwenye bomba la maji, wakakaa huko wakicheka, kisha wakalirudisha limesuuzwa vizuri. Kahambu alidhani wanafua vitambaa vyao vya vidonda. Alifurahi kwamba beseni lake lina kazi, na kwa kweli miezi ile ilikuwa ya furaha pale ukutani. Hata Benedicte alianza kunenepa.

Siku ya jibu Daktari Acayo alitoka mwenyewe mpaka kwenye kigoda, kama alivyoahidi.

"Mama, hakuna tofauti," akasema. "Waliopewa maji na waliopewa dawa wamekuwa sawasawa."

"Na kulala?"

"Vilevile. Hakuna ninachoweza kusema, kwa wema wala kwa ubaya. Pole sana, mama."

Kahambu akasema asante. Akakunja kitambaa, akaweka chupa za mkanda ndani ya mfuko, akaziacha hapo ndani. Kuanzia kesho yake aliuza mafuta ya viungo na dawa ya tumbo peke yake. Mteja wa mkanda akija, alimwambia aingie kliniki. Hakuwa anabishana nami tena, nikimchokoza ananijibu "ndiyo, Papa," na jambo hilo liliniumiza kuliko goti. Nilimkasirikia daktari, nikawa namfungulia lango polepole kwa makusudi.

Lakini yule daktari hakuwa mtu wa kulala juu ya jambo. Kitu kilimsumbua: wagonjwa wa maji nao walikuwa wamepata nafuu, tena zaidi kuliko alivyozoea kuona kwa watu wanaomeza vidonge vya maumivu peke yake. Alisema maji hayafanyi hivyo. Akaomba kila mtu alete chupa yenye mabaki kidogo, akazipeleka maabara. Majibu yakaja kwamba chupa zote ni sawa. Zote zina dawa, na zote ni nyepesi, nusu ya ukali unaotakiwa.

Wiki ile kliniki haikukalika. Mjaza chupa alishukiwa, manesi wakanuniana, mimi niliulizwa nani huingia na nani hutoka hadi nikatukana kimoyomoyo. Mwishowe daktari akawakusanya wagonjwa ukumbini, nami nikasimama mlangoni. Akawaonyesha chupa, akawaambia kilichopatikana, akauliza kama kuna anayejua. Mama Okwir akanyoosha mkono.

"Daktari, ni sisi," akasema. "Siku ya kwanza ulituambia nusu yetu tutakunywa maji. Tukatoka, tukakaa pale nyuma kwenye bomba. Benedicte alikuwa analia kwa maumivu. Nikafikiri, kama chupa yangu ndiyo yenye dawa, nitaendaje nyumbani nikanywe peke yangu, mwenzangu ananitazama? Na kama ni yake, yeye ataniachaje? Na hakuna anayejua ni ya nani. Basi tukaazima beseni. Tukamwaga chupa zote humo, tukakoroga, tukagawana kwa kikombe. Kila mtu akapata sawa."

"Kila Jumanne?" daktari akauliza.

"Kila Jumanne. Na mgonjwa aliyeshindwa kuja tulimwekea yake."

Daktari Acayo akaketi. Akafunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kutikisika, nikaona sasa tumemliza mtoto wa watu, kazi yake yote imemwagwa kwenye beseni la plastiki. Alipoinua uso alikuwa anacheka, machozi yanamtoka. Nikaanza na mimi. Wanawake walipoona hatuwafungi, ukumbi mzima ukacheka, na mjaza chupa akacheka kuliko wote, maskini, kwa sababu alikuwa amepona.

Ambaye hakucheka ni Kahambu. Alikuwa ameitwa kwa ajili ya beseni, na alikuwa amesimama nyuma karibu nami. Akapita katikati ya viti mpaka mbele. Sijawahi kumwona na hasira kabla ya hapo, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Mmegawana dawa. Ni roho nzuri, na mimi nawashukuru kwa ajili ya Benedicte," akasema. "Lakini nilikuwa nangoja jibu, na nimelingoja tangu nilipomzika bwana yangu."

Akawaambia yote: Kakule, majani, usingizi, maneno ya makaburini, chakula kilichorudi kilivyo. Aliyasema bila kupamba.

"Mama Estelle, mbona hukutuambia?" Mama Okwir akauliza.

"Ningewaambia nini? Kwamba labda ninawanywesha kilichomuua bwana yangu?"

Mama Okwir alitazama sakafu, akamtazama Benedicte, ndipo akageuka kwa daktari, na sauti ile ya gwaride ikarudi.

"Daktari, anza tena. Safari hii beseni niachie mimi."

Ilibidi kamati ikae upya, na wagonjwa wapya watafutwe, kwa kuwa wale wa kwanza walikuwa wameshapona vidonda. Daktari aliongeza sharti kwa faida ya wagonjwa: atakayemaliza muda wake bila nafuu atapewa dawa halisi siku hiyo hiyo, hata kama alikuwa na maji. Na Mama Okwir, ambaye hakuwa tena mgonjwa wa utafiti, alikuja kila Jumanne kwa nauli yake mwenyewe. Alilichukua beseni la bluu, akaligeuza kifudifudi pale penye bomba, akalikalia. Alilikalia kutwa nzima. Aliyetaka kulitumia alipaswa kumwinua kwanza, na mama yule hainuliki. Kahambu akawa anasuuzia chupa zake kwenye ndoo yangu ya kudekia, nami nikalalamika kila siku bila kupata haki.

Haikuwa rahisi kwao, na nisiwafanye wote watakatifu. Kulikuwa na kijana mmoja, Tresor, dereva, aliyekuwa na mkanda shingoni. Siku moja alimwomba mwenzake aliyekuja naye wachanganye chupa zao, angalau kidogo, kwa sababu alihisi yake ni maji na usingizi umemkimbia. Mama Okwir akamshika mkono, akamkalisha chini karibu na beseni.

"Mwanangu, vumilia," akamwambia. "Ukizidiwa, daktari yupo ndani, nitakupeleka mwenyewe. Lakini usichanganye. Pale nje kuna mwanamke anangoja."

Tresor akageuka akamtazama Kahambu, aliyekuwa kwenye kigoda akifuta chupa, hajui kwamba anatajwa. Akafunga kizibo chake. Kumbe kweli yake ilikuwa maji. Alikuja kupewa dawa mwisho wa muda wake, na hakumlaumu mtu.

Jibu la pili lilikuja Ijumaa, baada ya chakula cha mchana. Nilimwona Daktari Acayo akishuka ngazi na kikombe cha chai mkononi, anatembea polepole, jambo ambalo hajawahi kufanya. Akaketi kwenye kigoda. Nikasogea dirishani.

"Papa Ochan, toka," Kahambu akasema bila kugeuka. "Usisikilizie dirishani. Wewe ulijua wa kwanza, uje ukae."

Nikatoka nikakaa. Mama Okwir naye akaja, beseni kwapani.

"Mama, nitakupa jibu lote," daktari akasema. "Kwanza, dawa yako haiui kirusi. Tumepima. Kirusi kinabaki palepale, na ule ugonjwa mkubwa ulio chini yake hauguswi kabisa. Kama mume wako alikuwa na ugonjwa ninaoufikiria, dawa hii isingemponya, na mwaka ule kule kwenu hakukuwa na kitu ambacho kingemponya."

Kahambu akatikisa kichwa kukubali.

"Pili, tumepima damu ya kila aliyeinywa, ini na figo, mwanzo na mwisho. Haikumdhuru hata mmoja."

"Na kulala?"

"Walilala," daktari akasema. "Waliokunywa dawa walilala kuliko waliokunywa maji, tofauti ni kubwa. Na hilo lilinitia wasiwasi, nikakumbuka ulivyoniuliza. Nikaangalia kama inalevya, kama inapunguza pumzi, kama mtu anaweza kuamshwa. Tumewaamsha, wakaamka vizuri, wakala, wakatutukana kwa kuwaamsha. Haileti usingizi, mama. Inapunguza maumivu na kukausha vidonda mapema. Mtu ambaye hajalala siku nyingi kwa maumivu, maumivu yakitoka, analala."

Kahambu akakunja kitambaa chake magotini.

"Basi Kakule alilala kwa sababu haikumuuma tena," akasema.

"Ndiyo. Alikuwa anakufa kwa ugonjwa wake, na hakuna ambaye angeuzuia. Wewe ulimwondolea maumivu."

Akalia. Alilia kwa sauti, kitambaa usoni, na mimi nililia pia, andikeni hivyo, sajenti mzima. Mama Okwir hakulia. Aliweka beseni chini, akachota maji kwenye ndoo yangu, akamnawisha Kahambu uso kama mtu anavyonawishwa baada ya msiba. Kisha Kahambu akalitazama lile beseni akasema, "Limepasuka ukingoni. Umelikalia vibaya," na tukajua amerudi.

Miaka imepita. Vidonge vya virusi vilikuja, kwanza kwa wenye nacho, halafu kwa kila mtu, na Mama Okwir anavimeza kwa saa yake na amenenepa hata mimi namwogopa zaidi. Benedicte ana saluni. Daktari Acayo ameandika utafiti wake kwenye majarida ya wenzake, na humo ndani ameeleza habari ya beseni, ili watafiti wengine wajue watu wa hapa wakoje. Kahambu anaendelea kuuza ukutani, na anawaambia wateja kwa mdomo wake mwenyewe: hii ni ya maumivu na vidonda, kwa virusi ingia ndani.

Habari za jibu zilifika Butembo. Wafanyabiashara wao hawawezi kukaa na neno. Sikutegemea chochote, na yeye nadhani hakutegemea. Kisha asubuhi moja dereva wa lori, mtu wa kwao, akasimama langoni na chupa mkononi, chupa kubwa ya glasi, imeoshwa, tupu. Alisema imetoka kwa mama mkwe. Bibi yule amezeeka sana, na mkanda umempata mbavuni, jambo ambalo huwapata wazee hata bila ugonjwa mwingine. Hakutuma neno lolote, ila chupa.

Kahambu aliipokea kwa mikono miwili. Akaishika muda mrefu. Halafu akaijaza kutoka kwenye sufuria ya asubuhi ile, mpaka shingoni, na kabla ya kuifunga akamimina kidogo kwenye kizibo, akanywa, akasubiri. Dereva alikuwa amerudi kukagua magurudumu. Hakuna aliyemwona ila mimi.

Nikaichukua chupa nikampelekea dereva mwenyewe, na goti langu hili.

"Mwambie bibi kwamba Kahambu ameionja," nikamwambia. "Mwambie sajenti wa polisi alikuwepo, na ameona."